Kila Alichosema Bibi kwa Kiingereza

Jumamosi iliyopita nilitoka Germantown kwenda Springfield kutafuta sombe, kisamvu chetu. Najua, najua, hata huku Maryland inauzwa, tena karibu na nyumbani, lakini ile ya huku haitwangwi vizuri, inabaki na vijiti, na mimi kwenye sombe sina subira na mtu. Basi nikavumilia foleni ya magari kwenye barabara ya Beltway, nikanunua pakiti zangu zilizogandishwa, na badala ya kurudi moja kwa moja kama mtu mwenye akili, nikakata kona na kusimama mbele ya kanisa letu la zamani. Mlango wa pembeni, ule unaoteremka chini, sasa umepakwa rangi ya manjano na kubandikwa picha za sungura. Siku hizi ni mahali pa kulelea watoto. Nikachungulia dirishani, nikaona viti vidogo vya plastiki vimepangwa mahali tulipokuwa tukikaa sisi. Sombe inayeyuka kwenye buti la gari, na mimi nimesimama pale nalia.

Maana pale chini, rafiki yangu, ndipo bibi yangu alipojifunza Kiingereza. Chenyewe hakikuwa kingi. Ukinibana sana nitakuambia alijua namna moja tu ya kuunga sentensi, basi. Lakini hiyo moja aliitumia kuliko sisi wengine tunaojidai kuijua lugha nzima.

Sisi ni watu wa Fizi, Kongo, tuliokaa miaka kambini Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Tulikuwa watatu: mama, mimi na Bibi aliyemzaa mama. Nilikuwa na miaka minane tulipopewa fleti Springfield, karibu na pale barabara kuu zinapokutana na kupandana. Zile barabara hazinyamazi. Mama alizichukia, lakini Bibi alisema zinavuma kama ziwa likichafuka, na kwamba bila mvumo ule asingepata usingizi katika nchi hii.

Mama alikuwa akitunza wazee majumbani kwao, anatoka kabla hakujapambazuka, anarudi miguu imevimba. Kwa hiyo mimi nililelewa na Bibi. Nikitoka shule nilimkuta nyuma ya fleti, kwenye uzio, anachuma lengalenga, mchicha wa kwetu, lililojiotea lenyewe. Majirani Wazungu waliliona ni magugu, nao walimshukuru kwa kusafisha. Halafu tunaingia kukaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kazi yangu ilikuwa kufungua madirisha yote na kupunga kitambaa chini ya kile king'ora cha moshi kilichokuwa darini, kwa sababu kilikuwa kikisikia harufu ya ndagala kinapiga kelele mpaka jengo zima linatoka nje. Mkono ulikuwa ukiuma. Leo ningepunga siku nzima, mradi ni yeye aliyesimama kwenye jiko.

Darasa lilikuwa Jumanne jioni. Mwalimu alikuwa mama wa Kikenya, mtu wa bara, nesi mchana, na jioni ya Jumanne alikuja kutufundisha bure akiwa bado na viatu vyake vyeupe vya kazini. Alileta chai ya maziwa ndani ya chupa kubwa, sisi Wakongo tukaleta mandazi, Warundi wakaleta maharage, na Kiswahili kilichosemwa mle kilikuwa cha kila namna. Mwalimu alimwita bibi yangu Shosho, ndiyo bibi kwao. Bibi alimwita Madame. Walielewana nusu ya maneno, na nusu nyingine walimalizia kwa kucheka. Watoto tuliruhusiwa kukaa kando ya wazazi wetu, na mimi nilikaa mkono wa kuume wa Bibi, nikamsaidia matamshi.

Muhula ule mwalimu aliamua kutufundisha kusema tutakayofanya. "I am going to", kisha unaweka jambo lako. Nitafanya hivi, nitafanya vile. Alisema Mmarekani haachi kuyatumia maneno hayo tangu anapoamka, kwa hiyo ukiyashika hayo umeshika nusu ya siku yake. Alitaka kila mtu asimame aseme sentensi yake kwa sauti. Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, baba mmoja wa Bukavu aliyekuwa akisafisha madarasa ya chuo kikuu kule Fairfax. Akajikohoza, akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba atanunua gari.

Chumba kizima kikaitika, "Amina."

Wala hakuna aliyekusudia. Lakini fikiria: watu wa kanisa, ndani ya kanisa, mwenzao amesimama mbele yao na kutamka jambo jema linalokuja. Ungetegemea wafanye nini? Mwalimu alifungua mdomo atueleze kwamba ni zoezi, akaufunga, naye akacheka mpaka akashika meza. Tangu jioni ile haikuwezekana tena kuiondoa. Mtu anasema atapika wali, Amina. Mtu anasema ataenda kwa daktari wa meno, Amina. Sisi watoto tuliipenda kuliko mandazi.

Bibi peke yake hakucheka. Kule kwao mtu akisimama kanisani akasema nitafanya jambo fulani, na watu wakaitika Amina, imekwisha, si lake tena. Alinisimulia habari za mama mmoja aliyesimama akaahidi kumfugia mchungaji bata, bata wakafa wote, yule mama akazunguka kijiji hadi kijiji kutafuta wengine wa kufanana nao. Bibi alisimulia hayo bila tabasamu hata kidogo. Kwake yeye yule mama alifanya lililompasa.

Sasa mwalimu alikuwa na kadi zake za picha. Unavuta kadi, unatunga sentensi. Bibi akavuta ufagio, akasimama, akasema atafagia, wakaitika, naye akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akachukua ufagio, akafagia chumba chote huku watu wakiinua miguu. Mwalimu akamwambia, Shosho, si lazima ufanye, haya ni mazoezi tu. Bibi akamwambia asante Madame, akamaliza na chini ya meza. Wiki iliyofuata akavuta mkate. Jumanne nyingine akaja na mkate, mzito, umeungua chini, tukaula wote kwa adabu.

Halafu ikaja ya baiskeli. Hiyo lazima nikuambie vizuri. Bibi hakuwa amevaa miwani, na ile picha hakuiona sawasawa. Mwalimu akamtajia sentensi nzima, Bibi akairudia neno kwa neno, kidevu juu, kwa fahari kabisa, Amina ikapigwa, ndipo akaniinamia kuniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema ataendesha kinga, maana kwetu baiskeli ni kinga.

Mama alipopata habari alitaka kwenda kugombana na mwalimu. Mwanamke wa miaka yake, magoti yale, avunjike kiuno kwa sababu ya picha? Akamsihi Bibi aachane na mchezo wa watoto. Bibi alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua macho. "Batu bamekwisha kusema Amina," alisema. "Sasa nitafanya namna gani?"

Jumamosi yule jirani wa Bukavu akashusha baiskeli yake kwenye maegesho ya magari. Bibi akafunga kitenge mara mbili, akakaza kilemba, akapanda. Jirani alishika kiti kwa nyuma na kukimbia naye, akihema, akimwambia, "Bon, Mama, tazama mbele, usitazame tairi." Mimi nilikimbia ubavuni. Mama alisimama kwenye baraza ya juu, mikono kichwani. Watu walitoka kwenye fleti zao, watu wa El Salvador, watu wa Ethiopia, hakuna anayejua mwenzake anasema nini, wote wanashangilia. Bibi aliendesha kutoka kwenye majalala mpaka kwenye uzio wa lengalenga lake, akaukumbatia uzio, akashuka. Akanyoosha kitenge. "Njo vile," akasema, akaingia ndani kupika. Hakuigusa tena baiskeli maisha yake yote.

Unaona basi jinsi alivyokuwa. Na sisi wote tuliokuwa tukishuka kule chini tulijua: mwanamke huyu hasemi kitu akakiacha.

Ndiyo maana sijasahau Jumanne aliyovuta kadi ya ndege. Aliitazama, na miwani alikuwa nayo. Mwalimu akamsubiri, akamsaidia kuanza sentensi. Bibi akairudisha kadi mezani polepole. Akasema kwa Kiswahili kwamba hiyo hawezi kuisema, bado, akaketi. Mwalimu hakumlazimisha. Akamimina chai, akaendelea na mtu mwingine.

Tulirudi kwa miguu jioni ile, na njiani akaniambia sababu. Nilikuwa namjua mdogo wake, nilimwacha kambini nikiwa mdogo, lakini sikuwa nimeelewa uzito wake. Walizaliwa wawili tu. Waliolewa mwaka mmoja, wakafiwa na waume katika vita hivyo hivyo, wakakimbia pamoja, na kambini walilala chumba kimoja na kupika chungu kimoja. Kisha majina ya kuja Marekani yakatoka. La Bibi lilikuwamo, la mdogo wake halikuwamo. Wakaambiwa litafuata. Mpaka jioni ile lilikuwa bado halijafuata, na mdogo mtu alikuwa ameshahamia Kigoma mjini kwa mwanawe, na macho yake yalikuwa yanaanza kuingia ukungu. Bibi alikuja Marekani kwa ajili yangu, ili mama aweze kufanya kazi. Hakunisimanga. Alisema tu hivyo, kama mtu anayetaja njia aliyopita.

Nikamuuliza kwa nini asiseme ataenda kumwona, wangeitika Amina, angeenda. Mimi niliona ni rahisi, nilikuwa nimemwona kwenye baiskeli. Akaniambia baiskeli ilikuwa pale, na jirani alikuwa pale. Lakini hajui kama nchi hii itampa karatasi za kutoka na kurudi, hajui kama atakuwa hai, hajui kama mdogo wake atakuwa hai. Hawezi kusimama mbele ya Mungu na kusema asilolijua.

Majani yakaanguka, theluji ikaja ikaenda. Mwalimu aliitoa kadi ile kwenye fungu lake bila kutangaza. Bibi aliendelea kutuletea sentensi zake ndogo ndogo, atashona, atachuma, atamtembelea mama mgonjwa wa fleti ya chini, na kila moja aliitimiza. Halafu siku moja simu ikapigwa kutoka Kigoma. Mdogo wake sasa alikuwa haoni kabisa. Alikuwa akitembea akishika ukuta, na akisikia sauti ya mwanamke mlangoni alikuwa akiuliza kama ni dada yake amekuja.

Jumanne iliyofuata Bibi hakungoja kadi. Mwalimu alikuwa bado anafungua chupa ya chai. Bibi akasimama, akakaza kilemba, akasema, "I am going to see my sister."

Hakuna aliyeitika.

Watu wazima wale, walioitikia gari na wali na daktari wa meno, wote waliinamisha macho. Walimjua. Walijua wakisema lile neno wamemfunga, na hakuna hata mmoja mle ndani ambaye hakuwa na mtu aliyemwacha ng'ambo asiyethubutu kutaja kwamba atamwona tena. Jirani wa Bukavu alikuwa anakuna kiganja chake. Bibi hakuketi. Alibaki amesimama, mikono kwenye kitenge, akitutazama mmoja mmoja, anangoja haki yake. Mimi niliogopa, sijui niliogopa nini. Mwishowe ni mwalimu aliyeweka kikombe chini. Macho yamemjaa machozi, akasema, "Amina, Shosho." Ndipo wengine wote wakaitika, na haikuwa kwa kelele.

Kuanzia hapo nyumba yetu iliishi kwa ajili ya sentensi ile. Bila uraia hakuna pasipoti, na bila Kiingereza hakuna uraia. Bibi akajifunza marais, akajifunza majimbo, akajifunza bendera na milia yake. Alikuwa akiyasema huku anasonga bugali, akipigilia mwiko kwa kila jina. Ilichukua miaka. Nilikua, nikampita kimo. Alipoitwa kwenye usaili, jirani alimpeleka kwa gari lake, maana naye alikuwa amelipata. Bibi akatoka kule ndani akatuambia yule bwana aliyemhoji alikuwa na adabu, na kwamba yeye sasa ana njaa.

Pasipoti ilipotoka, mama alimwambia kila mtu ni miezi mitatu. Miezi mitatu tu, atamsalimia mdogo wake, atarudi. Aliwaambia watu kanisani, akawaambia wazee aliokuwa akiwatunza, akaniambia mimi kila tulipokunja nguo za kufunga kwenye sanduku. Bibi alikuwa akisikiliza, wala hakusema ndiyo wala hapana. Mimi niligundua. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilimjua kuliko wote.

Uwanja wa ndege walikuja watu wengi wa kule chini, na mwalimu na viatu vyake vyeupe, wakaimba, wakaomba, walinzi wakatutazama. Wakati wa kuagana ulipofika nikamshika Bibi mkono, sikumwachia. Nikamwambia aseme atarudi. Nikamwambia aseme kwa Kiingereza, alivyofundishwa, asimame aseme, niko tayari kuitika.

Bibi akanitazama. Mama akasema, kwa sauti ya chini, "Mwambie tu mtoto, Mama. Mwambie."

Angeweza kuniambia. Mtu yeyote mwingine angeniambia, tena kwa mapenzi, na mimi ningelala usiku ule. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, mikono iliyokuwa na harufu ya mise, mafuta ya mawese, akafikiri. Nilimwona anafikiri. Halafu akasema polepole, "I am going to call you. Sunday. Every Sunday."

Nikasema Amina, nikilia. Ningefanyaje? Ndicho alichokuwa nacho cha kunipa, na nisingekipokea ningebaki mikono mitupu.

Jumapili ya kwanza simu ililia tukiwa ndio tumerudi kutoka kanisani, viatu bado miguuni. Huko kwao ilikuwa tayari jioni. Nilisikia sauti mbili kwa pamoja, zinakatizana, zinacheka, sikuweza kutofautisha ipi ni ya Bibi. Ile nyingine ilikuwa ikisema Amina, Amina, kama iliyokuwa inadaiwa zote za miaka iliyopita. Bibi alikuwa sasa anamshika mdogo wake mkono kwenda sokoni, anamwambia nani amepita, nani amenenepa, nyanya zipi zimeoza. Miezi mitatu ikaisha, mama akauliza tarehe, Bibi akauliza habari za lengalenga. Baadaye mama akaacha kuuliza.

Alipiga. Alipiga kwa simu yake, kwa simu ya mwana wa mdogo wake, kwa simu ya muuza duka. Alipiga siku ya mvua nikasikia bati likilia kuliko yeye. Mara moja alikuwa na malaria, akasema jina langu tu, akakata, ili iwe amepiga. Wenzangu wa kanisani waliokua nami hapa wakawa wanasikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, lakini mimi sikuweza, nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye kila Jumapili. Nilipoingia chuo kule Fairfax nilikuwa nikitoka maktaba, nakaa kwenye ngazi, naongea kwa sauti kubwa, Wamarekani wananipisha.

Sasa hivi yote yamekwenda. Mwalimu amehamia kwa binti yake jimbo la mbali. Jirani ana nyumba yake na shamba la majani analolikata kwa mashine. Lengalenga limemwagiwa lami. Nikiwa na watu wa rika langu tunaambiana kila siku tutaonana, tutapigiana, tutakula pamoja wiki ijayo, tunatabasamu na kuagana, na wote tunajua. Nawapenda, na mimi mwenyewe nasema hivyo hivyo. Lakini nimemkumbuka mno Bibi, nimekumbuka kuambiwa kitu na mtu nikakiegemea chote.

Jumapili ile ya mwisho nilikuwa nyumbani kwa mama, Springfield. Mama alikuwa anasonga bugali. Saa ya Bibi ya kupiga ikafika, ikapita. Mama akasema labda mtandao unasumbua. Akasonga kidogo, akasema labda umeme umekatika kwa mwenye duka, leo Jumapili, labda hata duka halikufunguliwa. Alikuwa bado anatafuta labda nyingine nilipomtoa mwiko mkononi, nikazima jiko, nikamkalisha chini tumlilie.